Bomba Lisilolia

Saa nne usiku, Rustavi, theluji imegoma kuyeyuka.
Mashine inazungusha. Mimi natazama.
Ndiyo kazi niliyosomea miaka mitatu: kutazama.

Nyuzi mia na ishirini za kioo
zinashuka kutoka kwenye rili, zinachanwa na kitana cha chuma,
zinaoga kwenye beseni la gundi,
kisha zinajilaza juu ya bomba jeusi la plastiki,
nyuzi kwa nyuzi hamsini na tano,
kushoto, halafu kulia, halafu kushoto,
kazi ya msusi asiyejua umbea.
Mbele kuna tanuri. Mbele ya tanuri, msumeno
unaokimbia sambamba na bomba ili ulikate bila kulisimamisha.

Nugzar alikuwa mtu wa moto,
miaka ishirini na sita katika kiwanda cha ng'ambo ya reli,
akitoa mabomba ya chuma yaliyozaliwa mekundu na kupoa yakilia.
Siku hizi anafagia vumbi la kioo, anabadilisha rili zikiisha,
na kila zamu ananiletea mkate wa shoti ndani ya gazeti.
"Kula, mtazamaji."

Ana tabia moja. Kila bomba likikatwa
hulipiga kwa pete ya ndoa, hutega sikio.
Chuma, husema, hukujibu. Hukwambia hata ufa ulipo.
Hili je?
Tu.
Kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Saa nane na robo uzi wa sabini na mbili ukakatika.
Kamba hukatikia pembamba, na jicho la mashine
liliona kabla sijameza tonge.
Taa ya njano. Kila kitu kikasimama,
hata baridi nikaisikia.
Nugzar akavua glavu, akasokota ncha mbili,
akazilowesha gundi kwa kidole, akavuta kidogo, akavuta tena.
Skrini ikaandika: KAZI YA MKONO, SEKUNDE 41.
Haina kisanduku cha jina.

Alfajiri, nikichapa lebo, akaiona karatasi ya oda.
Kilomita kumi na nne. Maji ya kunywa. Zemo Alucha, Kakheti.
"Soma tena."
Nikasoma tena.
Akaketi juu ya rundo la mbao, kofia magotini.

"Yale ya zamani niliyatoa mimi. Sabini na tisa, zamu ya tatu.
Niliyasindikiza kwa lori hadi mtaroni.
Dada yangu Lamara ndiye aliyefungua wa kwanza;
maji yakamrukia kifuani, kijiji kizima kikacheka."
Sasa Lamara anakinga ndoo usiku
na kusubiri hadi asubuhi rangi ya chai itulie chini.
Kutu ililila bomba kutoka ndani, pole pole,
kama deni ambalo hakuna aliyemwambia mkewe.

Nikamweleza yale niliyofundishwa:
hili halishiki kutu, linabeba baa kumi na sita,
tunalipima kwa ishirini na nne, cheti kinasema miaka hamsini.
Akacheka, mwanya wote nje.
"Hata langu liliandikiwa hamsini."

Sikuwa na jibu. Skrini nayo haikuwa nalo.

Tukalipeleka lile lenye uzi uliounganishwa kwenye kipimo.
Vifuniko vikabana, maji yakajaa, mshale ukapanda
hadi ishirini na nne, ukakaa hapo.
Nugzar akaweka shavu lake juu ya bomba, akafumba macho,
dakika tano nzima, kama anamsikiliza mtoto tumboni.
"Unasikia nini?"
"Hakuna kitu."
Sikujua kama hiyo ilikuwa sifa au lawama.

Kabla halijapakiwa akatoa penseli ya seremala
na pale mwishoni, mahali ambapo kiungo kitapafunika
na udongo utafunika kiungo,
akaandika 72.
Nikageuza uso, maana kanuni inakataza
na mimi ndiye niliyeajiriwa kutazama.

Nyuma yetu mashine ikaomba rili mpya.
Akaenda.